Nchi Kubwa, Njia Nyembamba: Kutazama na Kutazamwa katika Historia ya Utalii wa Tanzania Bara, 1951–1996

1. Utangulizi

Kitenzi kutalii kimetoka katika Kiarabu, ambako asili yake hubeba maana ya kusoma kwa makini na kulipitia jambo ili kulielewa. Katika matumizi ya kila siku maana hiyo imefunikwa na nyingine, yaani kusafiri kwenda kutazama. Si hivyo tu, bali hata anayestahili kuitwa kwa jina hilo amebanwa. Katika mazungumzo ya kawaida nchini Tanzania, mtalii ni mzungu mwenye kamera. Mwalimu wa Morogoro anayewapeleka wanafunzi wake Bagamoyo kuyaona magofu ya Kaole hasemwi kuwa ametalii; husemwa kuwa ametembea, au amekwenda ziara. Tofauti hii ya maneno inaonekana ndogo, lakini nyuma yake kuna historia ya miongo kadhaa ambamo wengine walipangiwa nafasi ya kutazama, wengine nafasi ya kutazamwa, na wengine nafasi ya kuondoka ili mandhari ibaki safi.

Tanzania Bara ni nchi kubwa, yenye makabila zaidi ya 120, maziwa makuu matatu mipakani mwake, pwani yenye miji ya mawe iliyokuwa ikifanya biashara na Uarabuni na Bara Hindi kabla Mreno hajafika, na nyanda za ndani ambazo kila baada ya mwendo wa siku moja hubadilika lugha, chakula na namna ya kujenga nyumba. Pamoja na upana huo, msafiri wa kigeni wa mwaka 1975 na yule wa mwaka 1995 walipitishwa kwa kiasi kikubwa katika njia ile ile: Arusha, Ziwa Manyara, Ngorongoro, Serengeti, kisha kurudi Arusha. Insha hii inachunguza namna njia hiyo ilivyochongwa, na kilichotokea kwa watu na mahali palipobaki nje yake. Hoja inayotetewa ni kwamba wembamba wa njia haukutokana na maumbile ya nchi. Ulijengwa kwa sheria, kwa barabara, kwa mikopo ya hoteli, na kwa wasiwasi wa dola changa kuhusu namna ya kuuonyesha utamaduni wa makabila bila kuamsha ukabila.

Mwaka 1951 umechukuliwa kuwa mwanzo kwa sababu ndipo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa. Mwaka 1996 umechukuliwa kuwa ukomo kwa sababu katikati ya miaka ya 1990 ndipo vijiji vilipoanza kuingizwa rasmi katika ratiba za wageni. Zanzibar imewekwa kando. Utalii si jambo la Muungano, na historia ya visiwa hivyo katika suala hili ina mkondo wake unaostahili kazi nyingine.

2. Nchi isiyo na watu

Serengeti ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ndani yake walikuwamo watu. Wamaasai walichunga mifugo katika nyanda za mashariki na kuzunguka Kreta ya Ngorongoro, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya mipaka ya hifadhi. Upande wa magharibi, Waikoma, Wasukuma na majirani zao walizoea kuwinda na kuokota kuni. Swali la kama hifadhi ya taifa inaweza kuwa na wakazi lilizua mabishano makali katika miaka ya 1950, na suluhisho lililofikiwa lilikuwa kuligawa eneo. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 likaanzishwa Eneo la Hifadhi Ngorongoro ambamo binadamu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja.

Makubaliano hayo yamejadiliwa sana na wanahistoria wa uhifadhi, hasa kuhusu iwapo waliosaini walielewa walichokisaini na iwapo walikuwa na mamlaka ya kukisaini kwa niaba ya wenzao. Kwa madhumuni ya insha hii, jambo lenye uzito zaidi ni picha iliyozaliwa. Mwaka huo huo wa 1959 filamu ya Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti ilitolewa Ulaya, na ikapata tuzo ya Oscar kwa filamu za kweli. Michael alikuwa amekufa Januari 1959 katika ajali ya ndege wakati wa kazi hiyo, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta. Baba yake alizikwa hapo baada ya kufariki mwaka 1987. Mamilioni ya watu waliijua Tanganyika kupitia filamu hiyo kabla ya kujua kwamba Tanganyika inaelekea kupata uhuru. Miaka mitatu baadaye ikaja filamu ya Marekani iliyoitwa Hatari!, iliyopigwa kwa sehemu kubwa kaskazini mwa nchi, na ambayo jina lake la Kiswahili halikuwapa Waswahili nafasi kubwa katika kisa chenyewe. Picha zote mbili, kila moja kwa njia yake, zilimfundisha mtazamaji wa mbali kwamba nchi hii ni tambarare pana yenye wanyama wengi, na kwamba mwenyeji, akionekana, huonekana pembeni.

Roderick Neumann, katika utafiti wake wa mwaka 1998 kuhusu Mlima Meru, ameonyesha kwamba hifadhi za taifa zilijengwa juu ya dhana ya mandhari isiyoguswa, na kwamba dhana hiyo ilihitaji kazi ili iwe kweli: mashamba yafutwe, njia za mifugo zifungwe, kuokota kuni kuwe kosa. Hoja hiyo inaungwa mkono hapa, ingawa ina upungufu mmoja. Inaeleza vizuri nini kiliondolewa mbele ya macho ya mgeni. Haielezi walioondolewa walionyeshwa wapi badala yake. Swali hilo linajibiwa Dar es Salaam, na litarejewa katika sehemu ya tatu.

Serikali iliyorithi hifadhi hizo haikuzikataa. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, Julius Nyerere alitoa tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, ambalo liliahidi kuwatunza na kukiri kwamba kazi hiyo ingehitaji wataalamu na fedha kutoka nje. Hifadhi ziliongezeka haraka: Ziwa Manyara mwaka 1960, Mikumi na Ruaha mwaka 1964, Gombe mwaka 1968, Tarangire mwaka 1970. Ukizitazama kwenye ramani, zimetawanyika kaskazini, kusini na magharibi. Wageni hawakutawanyika hivyo. Sababu mojawapo ni ya kawaida kabisa: walishukia Nairobi. Kutoka Nairobi hadi Arusha kupitia Namanga ni takribani kilomita 270. Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600, na barabara ya kwenda kusini ilipita Mto Rufiji kwa kivuko. Kampuni za Kenya zilikuwa na magari, madereva na mawakala Ulaya. Kwa mgeni wa miaka ya 1960, kaskazini mwa Tanzania ilikuwa ni siku tatu au nne za nyongeza katika safari ya Kenya.

3. Nchi ndani ya uwanja mmoja

Katikati ya miaka ya 1960, Makumbusho ya Taifa yalianzisha kijiji cha nyumba za jadi kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Wajenzi walitoka katika makabila yenyewe wakiwa na ujuzi wao. Msonge wa Wahaya ulisimamishwa, ukiwa umefunikwa kwa nyasi kuanzia kileleni hadi chini kiasi kwamba paa na ukuta ni kitu kimoja. Tembe la Wagogo likajengwa, fupi, lenye paa bapa la udongo linalostahimili upepo na ukame wa Dodoma. Nyumba ya mianzi ya Wanyakyusa, nyumba ya Wazaramo, ya Wachaga na nyinginezo zilifuata, kila moja ikiwa na vyombo vyake vya ndani, ghala na mahali pa mifugo. Alasiri za mwisho wa wiki zilipigwa ngoma, na wachongaji wa Kimakonde walifanya kazi yao mbele ya wageni.

Mahali hapo panafahamika kama Kijiji cha Makumbusho, na pamepuuzwa mno na wanahistoria wa utalii, pengine kwa sababu hakuna simba. Hata hivyo, hapa ndipo swali la nchi kubwa yenye tamaduni nyingi lilipokabiliwa waziwazi. Mtu ambaye hakuwa na wiki tatu na gari la kuvuka mito angeweza kutembea kutoka Bukoba hadi Rungwe kwa dakika kumi. Zaidi ya hapo, watazamaji waliokusudiwa hawakuwa wageni pekee. Mabasi ya shule yalikuja. Mtoto wa Kizaramo aliona kwa mara ya kwanza nyumba ya Kihaya, na kwa hilo Kijiji cha Makumbusho kilifanya kazi ambayo hifadhi za kaskazini hazikuifanya kwa miaka mingi: kilimfanya Mtanzania awe mtazamaji wa nchi yake mwenyewe, yaani mtalii kwa ile maana ya kwanza ya neno.

Lakini kazi hiyo ilikuwa na utata ndani yake. Serikali iliyozihifadhi nyumba za jadi jijini ndiyo iliyokuwa ikiwahimiza wenye nyumba hizo waziache. Kampeni za nyumba bora ziliweka bati na matofali kuwa alama za maendeleo. Operesheni Vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976 iliwahamisha mamilioni ya watu, mara nyingi kwa nguvu, na nyumba nyingi walizoziacha zilibomolewa au kuchomwa ili wasirudi. Kwa Ugogo, ambako uhamishaji ulikuwa wa mapema na wa kina, tembe lililosimama Dar es Salaam liliendelea kufanyiwa ukarabati wakati matembe ya Dodoma yakiachwa. Haitakuwa haki kusema kwamba makumbusho yalikuwa unafiki. Waliokuwa wakiyaendesha waliamini kwamba urithi unahifadhiwa ili maisha yasonge mbele. Lakini mantiki yake ilikuwa kwamba mila hustahili kutazamwa pale tu inapokuwa imeshaachwa kuishiwa.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni ule wa mavazi ya Wamaasai. Mwaka 1967 na 1968, viongozi wa Mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache lubega na ukaria na wavae suruali na magauni. Ilijulikana kwa Kiingereza kwa jina lililomaanisha kuvishwa nguo nadhifu. Waliokaidi walinyimwa huduma mbalimbali, ikiwa ni pamoja na kupanda mabasi. Leander Schneider, aliyeiandikia kampeni hii, anaihusisha na hamu ya dola ya kujionyesha kuwa ya kisasa. Kinachohitaji kuongezwa ni kwamba mtalii alikuwamo katika mabishano hayo tangu mwanzo. Mojawapo ya malalamiko ya watetezi wa kampeni lilikuwa kwamba wageni wanawapiga picha Wamaasai kama wanavyowapiga wanyama, na kwamba kuiacha hali hiyo ni kukubali Waafrika wafanywe maonyesho. Malalamiko yenyewe yalikuwa na ukweli. Dawa iliyotolewa, hata hivyo, ilimwadhibu aliyepigwa picha na kumwacha mpiga picha. Mpigaji kamera hakuzuiwa kupanda basi.

Ndani ya kizazi kimoja, lubega hilo hilo lilikuwa kwenye mabango ya viwanja vya ndege, kwenye vipeperushi vya hoteli na kwenye milango ya maduka ya vinyago. Hakuna tangazo rasmi lililoitengua kampeni. Ilifa kimyakimya, na soko likachukua nafasi yake.

4. Mjadala wa 1970 na loji za mawe

Mpango wa Pili wa Maendeleo, wa mwaka 1969 hadi 1974, uliupa utalii nafasi ya kuleta fedha za kigeni. Shirika la Utalii la Tanzania lilikabidhiwa kazi ya kujenga na kumiliki hoteli. Katikati ya mwaka 1970, gazeti la The Standard, ambalo lilikuwa limetaifishwa mapema mwaka huo, lilifungua kurasa zake kwa mjadala ulioanzishwa na vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walihoji iwapo nchi inayojenga ujamaa na kujitegemea inaweza kuwekeza katika kuwapumzisha matajiri wa nchi za nje. Mwaka 1973 Issa Shivji aliuhariri mjadala huo na kuuchapisha kama kitabu kupitia Tanzania Publishing House.

Ukisomwa leo, mjadala ule unashangaza kwa kile ambacho pande zote mbili zilikubaliana. Wapinzani walisema utalii huzaa utumishi na unyenyekevu, na kwamba fedha nyingi hurudi zilikotoka kupitia ndege, vinywaji na vifaa vya kuagizwa. Watetezi walisema fedha zinazobaki zinajenga shule. Pande zote zilimchukulia mtalii kuwa mtu wa kutoka nje. Swali la kama mkulima wa Songea anaweza kuwa na haki ya kuiona Ngorongoro halikuwa na nafasi, ijapokuwa lingepaswa kuwa swali la kijamaa kuliko yote. Mjadala uliishia gazetini; ujenzi uliendelea.

Loji zilizojengwa zilikuwa nzuri, na hilo lazima lisemwe. Seronera na Lobo ziliingizwa ndani ya miamba mikubwa ya Serengeti kiasi kwamba ukiwa mbali huoni jengo. Usanifu wa kujificha hivyo uliendana na ile picha ya nchi isiyo na watu: hata nyumba ya kulala mgeni ilitakiwa isionekane. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971 ili wageni washukie Tanzania badala ya Nairobi. Uwekezaji wa kusini, ikiwamo loji ya Mikumi na hoteli ya Mafia, haukubadilisha mwelekeo. Kila jengo jipya la kaskazini lilikuwa sababu ya kujenga jingine kaskazini, kwa kuwa mkopo hulipwa kwa vitanda vinavyolaliwa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Tanzania ilifunga mpaka na Kenya tarehe 4 Februari, na magari na ndege za watalii zilizokuwa upande wa Tanzania zikazuiliwa. Lengo lilikuwa kuukata utegemezi kwa Nairobi. Matokeo ya haraka yalikuwa kwamba wageni walipungua sana, na kwamba Lobo, iliyojengwa katika njia ya kutokea Maasai Mara, ikajikuta mwisho wa barabara isiyokwenda popote. Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983, lakini lango la Bologonja kati ya Serengeti na Mara halikufunguliwa kwa watalii. Kwa hiyo nyumbu walivuka kila mwaka na wageni hawakuvuka. Miaka hiyo ya ukame wa fedha za kigeni ilidhoofisha hoteli za serikali: jenereta zilizima, mashuka yalichakaa, petroli iligawiwa kwa kibali. Ni katika hali hiyo ndipo serikali ilipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuziuza au kuzikodisha.

5. Nje ya njia: Kilwa, Kolo na Bujora

Mwaka 1331 msafiri wa Kimorocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa na kuusifu mji ule. Ikiwa kuna mtu anayestahili kuitwa mtalii wa kwanza wa nchi hii kwa ushahidi wa maandishi, ni yeye. Na alikwenda kusini, si kaskazini. Alichokwenda kukiona kilikuwa mji, msikiti, sultani na watu. Magofu ya Kilwa Kisiwani, pamoja na Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, yalichimbwa na Neville Chittick kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, naye akachapisha matokeo yake mwaka 1974. Mwaka 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, mwaka ule ule ulioiingiza Serengeti. Kwa karatasi, vilikuwa sawa. Kwa barabara, havikuwa sawa hata kidogo. Msafiri wa Kilwa alingoja kivuko cha Rufiji pale Ndundu, na masika yakija barabara iliweza kufungika kwa wiki kadhaa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Mwaka uliofuata Kilwa iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, ambamo ilikaa hadi mwaka 2014, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila kuta zake.

Kolo, wilayani Kondoa, ina kisa kingine. Barabara Kuu ya Kaskazini, ile iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo, hupita karibu na miamba yenye michoro ya kale, na zaidi ya mapango 150 yenye michoro yameorodheshwa katika eneo hilo. Mary Leakey aliinakili michoro mingi mwaka 1951. Barabara haikukosekana hapa. Kilichokosekana ni namna ya kuingiza katika utalii mahali ambapo bado panatumika. Katika pango la Mungomi wa Kolo, Warangi wameendelea kufanya matambiko ya mvua na ya tiba, wakimwaga pombe na kuchinja. Wahifadhi wa mambo ya kale wamelalamika kwamba pombe inaharibu michoro. Wenyeji, kwa upande wao, hawakuwahi kuona michoro kuwa kitu kilichotengana na pango na mizimu yake. Eneo hilo liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na matambiko yakatambuliwa kuwa sehemu ya thamani yake. Hapa mantiki ya Kijiji cha Makumbusho inageuka juu chini: mila haijaachwa, na kwa sababu haijaachwa ni vigumu kuionyesha. Mgeni anayefika siku ya tambiko ni mgeni msibani, hawezi kudai tiketi yake.

Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, inastahili kutazamwa kwa makini zaidi kwa sababu ilianzishwa nje ya mipango ya serikali. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, akishirikiana na Wasukuma waliopenda ngoma na historia yao, aliijenga parokia na makumbusho kwa pamoja kuanzia miaka ya 1950. Kanisa lake ni la duara, kwa mfano wa nyumba ya mtemi. Utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, ngoma za watemi na vifaa vyao vya enzi vilihitaji mahali pa kukaa, na Bujora ikawa na banda lake la ngoma hizo. Kila mwaka mwezi Juni hufanyika sikukuu ya Bulabo, ambapo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana. Mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi, kwa hiyo dawa za mvuto, vichekesho, nyoka na fisi huletwa uwanjani.

Kinachoitofautisha Bulabo na ngoma za hotelini ni kwamba umati unaoamua mshindi ni Wasukuma wenyewe. Mgeni anaweza kusimama miongoni mwao, lakini makofi yake hayahesabiki kuwa na uzito. Wapigaji hawafupishi ngoma ili iishe kabla ya chakula cha jioni. Bujora iko mwendo wa saa chache kutoka lango la magharibi la Serengeti, na kwa muda wote unaochunguzwa hapa, misafara mingi ilifika Seronera na kugeuza kurudi Arusha. Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote nchini, walibaki nje ya safari kwa sababu ya mahali gari lilipotakiwa kulala.

6. Kijiji kinachojiuza na basi linalopita

Sera ya Taifa ya Utalii ya mwaka 1991 na kuundwa upya kwa Bodi ya Utalii baadaye kulikabidhi biashara hiyo kwa watu binafsi. Katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, ulianzishwa mpango wa utalii wa kitamaduni katika vijiji vya kaskazini, vikiwamo Longido, Ng'iresi na Mto wa Mbu. Wanakijiji wenyewe ndio wangeongoza wageni, na sehemu ya malipo ingekwenda katika shule, zahanati au majiko sanifu.

Mto wa Mbu ni mfano wenye mvuto wa pekee. Mji huo mdogo uko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mlangoni mwa Hifadhi ya Ziwa Manyara, na ulikua baada ya maji ya mifereji kuyafanya mashamba ya mpunga na migomba yawezekane. Watu walihamia kutoka kila upande: Wambugwe, Wairaqw, Warangi, Wachaga, Wamaasai, watu wa Kigoma waliokuja na ujuzi wa mawese. Vipeperushi hudai kwamba makabila yote ya Tanzania yapo hapo. Dai hilo limetiwa chumvi, lakini lina maana yake. Kile ambacho Kijiji cha Makumbusho kilikijenga kwa kuwaita mafundi, Mto wa Mbu ulikuwa nacho kutokana na njaa ya ardhi, na watu wake hawakuwa wakilinda mila ya mtu yeyote; walikuwa wakilima. Mgeni alionyeshwa pombe ya ndizi, uchongaji wa Kimakonde, ukamuaji wa mawese. Kwa mara ya kwanza katika njia ya kaskazini, mwenyeji alikuwa msimulizi anayelipwa. Udhaifu ni kwamba kijiji kilipata saa mbili za ratiba ambayo siku zake nyingine zote zilibaki za wanyama, na uamuzi wa kulisimamisha gari ulibaki kwa dereva aliyetoka Arusha. Njia ilipanuliwa kwa upana wa kijiji kimoja.

Wakati huo huo, upande wa pili wa nchi, kulikuwa na watazamaji ambao hakuna takwimu iliyowahesabu. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia huikata Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hupita kaskazini mwa lililokuwa Pori la Akiba la Selous. Kila siku, kwa miongo mingi, mabasi na mabehewa yamewapitisha katikati ya tembo, twiga na nyati wafanyabiashara wa mchele, wanafunzi wanaorudi shule, akina mama wanaopeleka wajukuu kwa babu zao. Basi linapofika Mikumi, mazungumzo hukatika. Abiria wa upande mmoja huwainamia wa upande wa pili, mtu humwamsha mtoto aliyelala, mwingine huhesabu swala kwa sauti, na daima huwapo mmoja anayeeleza kwa uhakika mkubwa tabia za simba ambaye hajamwona. Kando ya barabara limewekwa bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama atakayegongwa, na abiria hulisoma na kubishana kwa nini twiga ni ghali kuliko ngiri.

Abiria hao hawalipi kiingilio, hawalali katika loji na hawajazi fomu ya Bodi ya Utalii. Katika taarifa rasmi za kipindi hiki, Mikumi inatajwa kuwa hifadhi yenye watalii wachache kuliko za kaskazini.